Wanyika: Ndugu Wawili na Jina Lililowatoroka

Neno boda boda lilizaliwa huku mpakani. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walifunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli, wakawa wanabeba watu na mizigo kati ya forodha ya Kenya na forodha ya Uganda. Kipande kile cha katikati hakikuwa rafiki wa mama mwenye magunia mawili. Kijana wa baiskeli aliita abiria kwa kutaja safari yenyewe, boda mpaka boda, na wito ukawa jina la kazi. Leo neno hilo liko Juba, liko Dar es Salaam, liko Kampala kila kona, na wengi wanaolitumia hawajui kama Busia ilihusika. Jina likishaota miguu halimsubiri mwenyewe.

Muziki nao una majina ya namna hiyo. Pita Malaba jioni, pale trela zinapojipanga zikingoja karatasi, usikilize redio za maderava. Kati ya lingala, nyimbo za injili na vitu vya juzi vya Kampala, itapita rumba moja ya taratibu, gitaa tatu zinazojibizana bila haraka, Kiswahili kilichonyooka. Uliza ni nani hao. Utajibiwa, "Wanyika hao." Wanyika gani sasa? Hapo ndipo mambo huchanganyika. Kuna Simba Wanyika. Kuna Les Wanyika. Kuna Super Wanyika. Kwa msikilizaji wa kawaida wote ni zilipendwa tu, wote ni Wanyika, na kama kuna tofauti basi ni ya wazee kubishania.

Nyuma ya majina hayo yote kuna ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Waliunda bendi, wakaipa jina, kisha jina likawatoka mikononi wakiwa bado hai na bado jukwaani. Mtu yeyote anayeanzisha kitu na ndugu yake, iwe kikundi cha muziki, duka la M-Pesa au chaneli ya YouTube, ana cha kujifunza kwao. Na sisi tunaoishi karibu na mpaka tuna sababu ya ziada ya kuwafuatilia, maana maisha yao ya kazi yalipangwa na mipaka kuliko wanavyokumbuka wengi.

Kinyonga walitoka Tanga. Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa bandari na mkonge, na kwa muziki ilikuwa haishikiki. Bendi mbili kubwa za dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilishindana mji mmoja, na upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star. Neno "jazz" kwenye majina hayo lisikupotoshe. Halikuwa na uhusiano mkubwa na New Orleans. Lilimaanisha bendi ya kisasa, gitaa za umeme, tarumbeta au saksafoni, na watu wakicheza wawili wawili. Mwaka 1966 Wilson na George waliingia Jamhuri Jazz. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao.

Kuna jambo moja la kuelewa kuhusu bendi za Tanzania wakati ule. Vyombo vilikuwa ghali, na mwanamuziki mmoja mmoja hakuweza kuvinunua. Kwa hiyo bendi nyingi zilikuwa za klabu, au za taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi walikuwa na yao, Jeshi la Kujenga Taifa vilevile. Ulipiga gitaa la mwajiri. Ukiondoka, unaondoka na vidole vyako. Faida yake ilikuwa mshahara na utulivu. Hasara yake ni kwamba hata ukitunga kibao kikapendwa nchi nzima, bendi haikuwa yako.

Mwaka 1970 Wilson na George walihamia Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Sasa walikuwa na bendi ya ukoo. Arusha yenyewe ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1967, mji ambapo karani wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania walikula chakula cha mchana meza moja. Mtu akiwa pale, Nairobi haionekani kama ng'ambo. Ni safari ya siku moja kwa gari. Mwaka 1971 ndugu wakaifanya safari hiyo, na Arusha Jazz ikageuka kuwa Simba Wanyika.

Kwa nini Nairobi? Jibu fupi ni santuri. Tanzania ilikuwa na wanamuziki wengi, na redio yake ya taifa iliwarekodi bendi kwa bidii, lakini haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Nairobi ilikuwa nacho. Nairobi pia ilikuwa na kampuni za kimataifa, Polygram mojawapo, na ilikuwa na River Road, ambapo wafanyabiashara wadogo walilipia wimbo leo na kuuza santuri wiki ijayo. Wimbo wa redioni ukisikika umepita. Santuri inawekwa kwenye mkoba, inapanda basi, inafika Kitale, inafika Mbale, inafika Mwanza. Mwanamuziki wa Tanga aliyetaka sauti yake isafiri bila yeye alilazimika kuvuka mpaka kwanza.

Hapo ndipo upande wetu wa nchi unaingia kwenye hadithi. Nairobi ya miaka ya 1970 ilipokea wanamuziki kutoka pande mbili. Kutoka kusini walikuja watu wa Tanga kama Kinyonga, na Wakongomani waliokuwa wamezunguka kupitia Zambia na Tanzania, kama Super Mazembe waliotia nanga Nairobi 1974. Kutoka magharibi walikuja wale waliopitia Uganda. Samba Mapangala na wenzake wa Les Kinois walikuwa wakipiga Kampala katikati ya muongo ule, na kufikia 1977 walikuwa Nairobi. Anayetoka Kampala kwenda Nairobi kwa barabara kuu ana milango miwili mikubwa ya kuchagua, Busia na Malaba. Hakuna haja ya kusimulia zaidi.

Tena ulikuwa wakati mgumu wa kupita hapo. Idi Amin alichukua serikali Januari 1971, mwaka uleule Kinyonga walipofika Nairobi. Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa kihistoria ya Uganda, na watu wa mpakani wakakaa na roho mkononi. Dai lake lilikuwa na mzizi wa kweli: hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda, kisha Waingereza wakahamisha mstari kwenye karatasi. Wateso na Wasamia waligawanywa bila kuondoka nyumbani. Reli ilipofika Kampala 1931, ikipitia Malaba, mstari ule ulikuwa umeshapata forodha, na polisi wake. Miaka ya 1970 ukapata na magendo. Bei ya kahawa ilipopanda 1976 na 1977, kahawa ya Uganda ilivuka usiku kwa gunia, kwa punda na kwa mgongo, na soko la Chepkube kule kaskazini mwetu likawa jina la kutajwa kwa kunong'ona.

Kwa hiyo dansa wa Nairobi Jumamosi usiku alikuwa na uchaguzi mpana ajabu. Wakongomani walikuja na sauti nyororo, mavazi makali na Kilingala. Watu walikipenda Kilingala bila kukielewa, kama leo tunavyoimba Kireno cha kuduro au Kiyoruba cha Lagos. Wajaluo walikuwa na benga, inayokimbia. Kinyonga walikuja na nini basi?

Walikuja na Kiswahili cha Tanga. Hiyo ilikuwa silaha yao, na nadhani hatuipi uzito wake. Mkenya wa miaka ya 1970 alikuwa na lugha ya mama, alikuwa na Kiingereza cha shule, na Kiswahili cha kununulia vitu na kuagizana kazini. Kinyonga waliimba mapenzi, pesa, wivu na usaliti kwa Kiswahili kilekile cha sokoni, lakini kilichopigwa pasi. Hakuna neno gumu. Sentensi inakwisha pale pumzi inapokwisha. Mteso wa Malaba, Mbukusu wa Bungoma na Msamia wa Funyula wangeweza kukaa meza moja na wote wakajua nani kamuacha nani kwenye wimbo.

Sikiliza "Shilingi", au "Mwongele", au baadaye "Haleluya" na "Sikujua Utabadilika". Mpangilio haubadiliki sana na ndiyo raha yake. Gitaa la solo linafungua kwa maneno machache, kama mtu anayebisha hodi. Rithimu inaingia chini yake na kubaki palepale, mduara mdogo unaojirudia. Besi haijazi kila nafasi; inapiga, inanyamaza, inakuachia pengo la kuweka mguu. Kisha sauti mbili au tatu zinaimba pamoja kwa karibu sana, na ukisikiliza sauti za ndugu utagundua kitu ambacho mazoezi peke yake hayakupi. Waliolelewa nyumba moja hutamka irabu kwa namna moja. Wanavuta pumzi sehemu moja. Katika nusu ya pili ya wimbo, upande wa pili wa santuri, maneno yanapungua na gitaa zinachemka, na hapo bendi inaonyesha kama ina watu au haina.

Simba Wanyika walikuwa nao. Wanamuziki wengine kutoka Tanga walikuja kuungana na ndugu. Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, alikuwa kwenye rithimu, na Tom Malanga kwenye besi. Rashid Juma alipiga ngoma. Ukitoa hawa watatu, ile meza ambayo solo na sauti za Kinyonga zinakalia inaanguka. Hili ndilo jambo ambalo jina la bendi ya ndugu hulificha. Tunasema "bendi ya Kinyonga", lakini kinachotikisa bega lako pale Malaba saa mbili usiku ni mkono wa mtu ambaye si Kinyonga.

Sasa tuje kwenye jina, maana ndilo lililoleta mambo.

"Simba Wanyika" maana yake ni simba wa nyika. Kwa tahajia sanifu ungeandika maneno matatu. Wao waliandika mawili, na ule mwanya uliokosekana ulibadilisha kila kitu. "Wa nyika" ni maelezo tu, yanategemea simba aliyetangulia; ukimwondoa simba, hayasimami. Lakini "Wanyika" inasimama. Inasikika kama watu. Kama Wateso, kama Wasamia, kama Watanga. Ukiandika hivyo, umetengeneza ukoo bila kukusudia, na ukoo mtu anaweza kudai ni wake.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Nchi mbili ziligombania ndege, mabehewa na meli. Watanzania waliokuwa wakifanya kazi Nairobi wakajikuta wako upande wa pili wa mlango uliofungwa. Mlango huo ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Fikiria maana yake kwa bendi ya watu wa Tanga. Ziara ya nyumbani, mazishi, kumleta mpiga gitaa mpya: kila kitu kilichokuwa safari ya basi sasa kilikuwa shughuli. Bendi haikuweza tena kujitibu kwa damu kutoka Tanga. Waliopo ndio waliopo.

Na waliopo wakaondoka. Mwaka 1978 Omar Shabani, Tom Malanga, Rashid Juma na wenzao walitoka Simba Wanyika. Wakaungana na John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa Nairobi, na Issa Juma, mwimbaji mwenye sauti ambayo ukishaisikia huisahau. Wakajifungia mazoezini miezi kadhaa kabla ya kutoka hadharani, Garden Square, katikati ya jiji. Wakajiita Les Wanyika.

Liangalie jina hilo vizuri. "Wanyika" walitoka nalo kwa Kinyonga, limeshakatwa kichwa cha simba. "Les" ni Kifaransa, neno ambalo bendi za Kikongo zilikuwa zikilivaa, Les Mangelepa, Les Kinois. Kwa maana hiyo jina zima ni ndoa ya mipaka miwili: nusu imekuja na watu wa Tanga, nusu imekuja na Wakongomani, wakiwamo waliopitia upande wetu. Watanzania wakajipa jina la Kifaransa ili wauze rumba ya Kiswahili kwa Wakenya. Kama kuna bendera ya Nairobi ya wakati ule, ni hiyo.

Kisha wakatoa "Sina Makosa". Wimbo unajulikana, siurudii. Mtu anamuuliza mwenzake hasira zote hizi ni za nini, ilhali kila mmoja ana wake nyumbani. Ukaenea Afrika Mashariki nzima na haujatulia mpaka leo. Ni wimbo wa mapenzi, na sitaki kuupachika maana nyingine. Lakini kwa ndugu waliobaki Simba Wanyika, kusikia kila baa ikipiga wimbo wenye kichwa hicho, kutoka kwa watu walioondoka na nusu ya jina lao, haikosi kuwa na ladha yake.

Kuhama bendi hakukuwa ajabu. Mangelepa wenyewe walizaliwa 1976 kwa kumwacha Baba Gaston. Kwa mwanamuziki wa kuajiriwa, kuondoka ndiyo ilikuwa njia pekee ya kupandishwa cheo. Huna hisa, huna mkataba wa maana, mwenye bendi ni mwingine. Una ujuzi wako na marafiki wawili wanaokubaliana nawe. Unachohitaji ni jina ambalo watu tayari wanalijua. Na hapa bendi ya ukoo ina tatizo lake la pekee. Kwenye bendi ya kawaida, mpiga besi anaweza kuota kuwa kiongozi siku moja. Kwenye bendi ya ndugu, atapanda ngazi mpaka wapi? Damu haijazi fomu ya maombi ya kazi. Sijui mkutano wowote ambapo hilo lilisemwa kwa sauti, wala halihitaji kusemwa. Kila fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya baba na wanawe analijua.

Issa Juma naye hakukaa sana. Mapema miaka ya 1980 alikuwa na kundi lake, Super Wanyika, na vibao vyake, "Sigalame" kikiwa kati ya vilivyovuma zaidi. Jina likaendelea kuzaa. Kufikia hapo, ukisema Wanyika, ulikuwa umetaja mtindo: solo inayobisha hodi, rithimu ya mduara, besi yenye mapengo, Kiswahili kilichopigwa pasi. Undugu ulikuwa umehama kutoka kwenye damu ukaingia kwenye sauti. Unaweza kuita hilo wizi. Unaweza pia kuliita ushindi, maana ni bendi ngapi zimewahi kugeuka kabila?

Na ndugu wenyewe? Huu ndio upande ambao hadithi za zilipendwa huupita haraka, kwa sababu mgawanyiko unanoga kuliko kazi ya kila siku. Simba Wanyika hawakufa 1978. Wilson na George walijaza nafasi zilizoachwa, wakarudi studio, na vibao vingi tunavyovikumbuka kwa jina lao vilitoka baada ya hapo, "Haleluya" kikiwamo. George kwa wakati wake alirekodi pia kwa jina la Orchestra Jobiso, njia ya kuwa na kitu chake bila kuvunja cha familia. Ni suluhisho la akili. Ndugu wengi huachana kwa sababu kila mmoja anataka chumba chake na nyumba ina chumba kimoja. Jobiso ilikuwa chumba cha nje, kwenye kiwanja kilekile.

Linganisha na wengine. Don na Phil Everly wa Marekani, ndugu walioimba pamoja tangu utotoni, waliachana jukwaani 1973 na kukaa miaka 10 bila kuimba pamoja. Noel na Liam Gallagher wa Oasis waliachana 2009, na ilichukua hadi 2025 kuwaona jukwaa moja tena. Upande wa Kongo, Nico Kasanda na kaka yake Charles Mwamba, aliyeitwa Déchaud, walikuwa na mpango wa kimya: mdogo alipiga solo akapewa sifa na cheo cha Daktari, mkubwa akapiga rithimu na kuiweka solo ile mahali pake. Walisafiri pamoja na African Jazz hadi Brussels 1960, wakati nchi yao ikijadiliwa, na kila mpiga solo wa Afrika Mashariki, wa Tanga akiwamo, ana deni kwao. Ndugu hudumu pale mmoja anapokubali kusikika kidogo, au pale kila mmoja anapokuwa na mahali pa kusikikia. Kinyonga walidumu zaidi ya miaka 20.

Walidumu wakiwa wageni. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilijaribu, kwa muda mfupi, kujaza vipindi vyake kwa muziki wa nyumbani na kupunguza wa nje. Kwa bendi kama Simba Wanyika swali hilo halina jibu rahisi. Wamezaliwa Tanga, wanaishi Nairobi, wanarekodi Nairobi, wanalipwa na wanaume na wanawake wa Nairobi wanaotoka kucheza mwisho wa mwezi. Lugha yao ndiyo lugha ya taifa la Kenya, na wanaijua kuliko mawaziri. Je, huo ni muziki wa nje? Huku Busia tunalijua swali hilo kwa sura nyingine. Shangazi yako ameolewa ng'ambo ya forodha, mahindi yake yanaitwa ya kuagizwa kutoka nje, lakini yeye mwenyewe anakuja mazishini kwa miguu. Desemba 1987 wanajeshi na polisi wa pande mbili walipopigana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa, watu wa mji mmoja waligundua ghafla kwamba wao ni wa nje.

Mwanzo wa miaka ya 1990 mambo yalionekana kufunguka. Ulaya ilikuwa imeanza kuusikiliza muziki huu, na Simba Wanyika walitoa albamu ya "Pepea" iliyowafikia wasikilizaji wa mbali. Nyumbani biashara ya santuri ilikuwa inakufa. Kanda za kaseti zilinakiliwa bila huruma. Mtu mwenye mashine mbili na kebo alikuwa kampuni ya muziki. George alifariki Desemba 1992. Wilson naye akafariki katikati ya miaka ya 1990, na Simba Wanyika haikuwa na mtu wa kuibeba. Upande wa Les Wanyika, Omar Shabani alifariki 1998 na John Ngereza 2000. Ndani ya chini ya miaka 10 karibu meza yote ilikuwa imeondoka.

Lakini jina halikuondoka, na hapa ndipo historia inapotoka makumbusho na kuingia mfukoni. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Piga hesabu. Nyimbo alizotunga George zina mwenyewe hadi mwisho wa 2042. Kila zilipendwa ya Jumapili, kila hoteli, kila prodyuza anayekata sekunde nane za gitaa lile na kuziweka chini ya biti yake, anagusa mali ambayo bado ni ya watu, hata kama watu hao hawamo studio. Haki ya utunzi ni moja, haki ya rekodi yenyewe ni nyingine na mara nyingi ni ya kampuni, na jina la bendi ni la tatu. Kinyonga walikuwa wazuri sana kwenye la kwanza. Kwenye la tatu walikuwa hawana ulinzi wowote, na hawakuwa peke yao. Nani alikuwa akisajili jina la bendi River Road mwaka 1971?

Leo mambo ya mpaka yamebadilika kiasi. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999. Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha forodha hapa Busia, unasimama mara moja tu, upande mmoja. Foleni za trela hazijaisha, lakini mwanamuziki wa Tororo anaweza kurekodi Busia asubuhi na kurudi kwao kula chakula cha mchana. Kuna chumba cha kulala kilichogeuzwa studio karibu kila mtaa, godoro ukutani, kompyuta moja, na mara nyingi sana ni ndugu wawili. Mmoja anatengeneza biti, mmoja anaimba. Vifaa ni vya kaka mkubwa. Rafiki wa tatu anakuja na gitaa au akogo ya babu yake, anaweka kitu ambacho kinaufanya wimbo uwe wimbo, kisha anarudi nyumbani kwa boda. Jina lake haliko kwenye faili.

Huyo rafiki wa tatu ndiye Omar Shabani. Ukisikia bendi ya ndugu imevunjika, usianze kwa kuuliza ndugu waligombania nini. Mara nyingi hawakugombana. Uliza nani alikuwa akishika rithimu, na alipewa nini. Kinyonga walipoteza rithimu 1978 na wakaishi. Waliokwenda waliishi pia, na sisi wasikilizaji tukapata bendi tatu badala ya moja. Kwa hesabu ya masikio tulifaidi. Kwa hesabu ya mifuko sidhani kama kuna Mnyika yeyote, wa damu au wa kujiita, aliyefariki tajiri.

Kwa hiyo dereva wa Malaba akikuambia "Wanyika hao", usimsahihishe haraka. Hajakosea. Ni ukoo wa kweli, ulianzishwa na ndugu wawili wa Tanga kwa kuacha nafasi moja kwenye maandishi, na uliwapokea watu ambao damu isingewapokea. Muulize tu swali moja zaidi, wimbo ukiwa bado unapiga: "Hiyo rithimu ni nani?" Kama hajui, mwambie.